Nzuri, Ila

Jumatatu, 3 Juni

Kliniki tena. Benchi gumu, foleni ndefu, dakika nne na daktari. Unalala? Nalala. Unakula? Nakula. Akaandika. Dozi ile ile, miezi mitatu mingine. Mwaka wa sita huu. Kadi yangu imejaa neno moja, sonona, kwa miandiko ya madaktari watano, na hakuna hata mmoja anayesomeka.

Kwenye dirisha la dawa, yule mama mwenye miwani ya kamba akanipa boksi langu, halafu akanisogezea kikaratasi. Akasema kwa sauti ya chini kuna wenzio wanakutana kila Jumatano, saa kumi na moja na nusu jioni, chumba cha nyuma cha maktaba ya zamani. Hawahubiri, hawauzi kitu. Wanaongea tu.

Wenzio! Nani kamwambia nina wenzangu? Nimekitia kikaratasi kwenye begi, nikasema asante.

Naandika haya nyuma ya fomu za zamani za kiwandani. Ofisi ilitaka kuzichoma, nikabeba rundo zima. Upande wa mbele kila karatasi imeandikwa: Namba ya shati. Rangi. Saizi. Ila. Meneja wa kwanza alipenda Kiswahili chake kinyooke, akaandika "ila" pale ambapo wengine wangeandika kasoro. Alistaafu zamani, neno likabaki. Kila mfanyakazi mpya akiketi meza yetu ya ukaguzi anauliza: ila nini? Tunacheka kwanza, halafu tunamweleza. Uzi uliochomoza. Doa. Kifungo kilicholegea. Shati likiwa zima unaandika "hakuna". Miaka kumi na moja naandika hakuna, mia tatu kwa siku. Mkono unajua wenyewe.

Dada kaniuliza daktari kasemaje. Nikasema yuko sawa. Nani, daktari? Akacheka peke yake. Mimi hata kucheka naona kazi.

Jumatano, 5 Juni

Sikwenda.

Jumamosi, 8 Juni

Saa tano nilikuwa bado kitandani. Siyo usingizi. Nilikuwa nimeamka tangu alfajiri, nautazama ukuta, na ukuta unanitazama.

Dada akaingia bila hodi, akavuta pazia kwa nguvu. Yeye ni mwalimu wa darasa la pili, na mimi alianza kunifundisha kabla ya hao wote — mama alipofariki nilikuwa na miaka saba, yeye kumi na tisa. Anaamini hakuna ugonjwa usiosikia maji ya kuoga, uji na hewa safi. Akasimama, mikono kiunoni. Wewe mtoto, akasema (nina miaka arobaini na moja!), kuumwa gani huku kusikokuwa na homa wala kidonda? Unajiendekeza. Jishughulishe, mdogo wangu. Toka nje.

Nilitaka aondoke tu. Ndipo uongo ukanitoka, laini kabisa: kuanzia Jumatano ninaanza mazoezi. Na akina mama wa kazini. Kila wiki.

Lo! Dada alipiga makofi. Ndicho nilichokuwa nasema siku zote, akasema. Akaenda kupika mayai huku anaimba. Nilivuta shuka mpaka kichwani kwa aibu.

Jumanne, 11 Juni

Dada karudi na boksi. Raba. Nyeupe, mstari wa zambarau, soli nene kama mkate. Anasema nikianza na viatu vibaya nitaharibu magoti, nimwone yeye. Nikazivaa, nikazunguka sebule mara mbili ili afurahi. Alinitazama kama anavyowatazama watoto wake waliosoma sentensi nzima bila kukwama.

Sasa nitafanyaje? Lazima niende mahali.

Jumatano, 12 Juni

Nimekwenda. Na raba miguuni, kwa sababu Dada alisimama mlangoni kunisindikiza kwa macho.

Chumba kinanuka vitabu vilivyolowa. Viti vya plastiki, kimoja kimefungwa mguu kwa waya. Chupa ya chai, vikombe visivyofanana. Nilitaka kula kona pale pale, lakini mwanamke mmoja mnene, mwenye vidole vyeusi kwa rangi ya nywele, alikuwa ameshaniona. Ni msusi, saluni yake iko karibu na stendi. Ndiye aliyeanzisha kikundi. Sonona yake ina miaka kumi na tisa. Aliitaja kama mtu anayetaja umri wa mwanawe wa kwanza.

Akaniuliza: "Hujambo, mama?"

"Sijambo."

Wote wakacheka! Si kwa kunikebehi, nilisikia tofauti yake. Msusi akasema: umeona? Hata hujafikiri. Akaeleza, bila shaka kwa mara ya mia. Lugha yetu imetufunza adabu mpaka imetuponza. Mtu yuko hoi, akiulizwa habari anajibu nzuri. Nyumba imeungua — nzuri, ila nyumba imeungua. Mume kaondoka — salama, ila mume kaondoka. Basi hapa hatukatazi nzuri. Sema nzuri yako kama ulivyolelewa. Lakini tunasubiri ila yako. Nzuri isiyo na ila haipokelewi humu.

Nikakumbuka meza yangu ya mashati, nikakaribia kucheka.

Tulikuwa wanane. Karani wa posta: nzuri, ila sijaosha nywele tangu mwezi uliopita. Wote wakasema kwa pamoja: tumesikia. Basi! Hakuna aliyemwambia kaoshe. Msusi anasema ushauri tumeshapata wa kutosha kwa ndugu zetu, wa kugawia mtaa mzima.

Kisha bwana mmoja mwembamba, shati la kazi lenye mafuta kwenye mfuko, kalamu tatu sikioni — sikio moja! Ni fundi wa lifti. Nzuri, akasema, ila kazi yangu ni kuwapandisha watu juu, na mimi mwenyewe nimekwama chini tangu Aprili. Hata mmoja wetu aliyekuwa analia alicheka. Tumesikia.

Zamu yangu. Nzuri, nikasema. Wakasubiri. Nzuri, ila... Mambo ya miaka sita yamekaa kooni na hakuna hata moja linalotaka kutangulia. "Nzuri, ila raba zinanibana."

Tumesikia, wakasema, kwa uzito ule ule.

Nimelia njiani kurudi. Dada kaona macho mekundu, kasema jasho hilo, safi sana.

Alhamisi, 13 Juni

Nimesahau kuandika jambo la jana, na ndilo kubwa. Kila mtu pale ana mwenza. Mnapigiana simu kila siku saa saba mchana, dakika moja. Habari? Nzuri, ila hivi na hivi. Nimesikia. Kisha zamu ya mwingine. Mwenza wa Fundi alihamia mji mwingine, kwa hiyo Fundi nimepewa mimi.

Na sheria. Msusi aliisema akiwa amesimama, chai mkononi, na hapo hakutania. Siku mwenzio akikujibu nzuri, akanyamaza, hana ila — usibishane naye kwenye simu. Vaa viatu uende. Kulikuwa na mwenzetu, akasema. Alijibu nzuri sana siku ya Ijumaa, na sisi tukafurahi, tukasema amepona. Jumapili tulimzika. Hakuna aliyemeza chai yake baada ya hapo.

Mimi niende kwa mtu! Mimi ambaye kwenda bafuni ni safari.

Saa saba leo simu ikalia. Niko nyuma ya maboksi ya mashati, nimejificha kama mwizi. Fundi: nzuri, mwenzangu, ila leo nimevaa soksi za jana na za jana zilikuwa za juzi. Nimesikia. Na wewe? Nzuri, ila naogopa hii simu. Nimesikia, akasema. Akakata.

Jumapili, 16 Juni

Nimejaribu na Dada. Tuko mezani, mchuzi mbele yetu, naye kaniuliza bila kuinua macho: vipi wewe, mzima?

"Mzima, ila—"

"Ila chumvi imezidi, najua, nimeshaionja. Mkono uliteleza."

Nikasema ndiyo, chumvi.

Jumatano, 19 Juni

Siku mbaya kazini. Msimamizi ameniita ofisini, kaweka shati mezani, kalinyoosha. Mikono yote miwili ya kushoto! Na mengine kumi na manne kama hilo kwenye boksi moja, yote yana saini yangu, yote yameandikwa hakuna. Akauliza kwa upole, na upole ndio ulionimaliza: mama, siku hizi unaona vizuri? Nikasema ni macho. Kanipa ruhusa ya kwenda kupima macho.

Niliwaambia kikundini. Karani wa posta kacheka mpaka kashika mbavu, nami nikajikuta nacheka. Halafu zamu ilipofika nikasema la kweli. Nzuri, ila kuna asubuhi nakaa ukingoni mwa kitanda na soksi moja mkononi, na saa nzima inapita, na sijui ni mguu gani unaanza. Nilidhani watanishangaa. Msusi akauliza tu, soksi ya mguu wa kulia au wa kushoto? Yeye huwa anakwama kwenye sidiria.

Tumesikia.

Fundi alinisindikiza mpaka kituoni. Anaishi jengo refu nyuma ya kiwanda cha rangi, ghorofa ya sita, na lifti ya jengo lake imekufa miaka miwili. Nikamwambia aibu, fundi mzima! Akasema mwenye jengo hanunui waya, na yeye hana nguvu ya kumgombeza. Kila jioni anapanda ngazi mia moja na nane. Amezihesabu. Siku mbaya anakaa ghorofa ya nne, anapumzika kidogo, na mara nyingine anasahau alikuwa anapanda au anashuka.

Jumanne, 25 Juni

Nzuri, ila nimekula.

Fundi akauliza hiyo ni ila gani. Nikasema nimekula na nimesikia ladha, sijui niiweke wapi. Nimesikia, mwenzangu, akasema, na nilijua anatabasamu.

Yeye: nzuri, ila mama yake kampigia simu jana, akaongea naye dakika ishirini kuhusu mbuzi, na baada ya kukata akalia. Hajui kwa nini. Mbuzi hana kosa.

Nimesikia.

Ijumaa, 28 Juni

Nimechoka. Sitaki kuandika. Saa saba nilipiga, nikasema nzuri, ila leo sitaki kuongea. Nimesikia. Sekunde kumi na moja kwa jumla. Nikarudi mezani kwangu, na mchana ukapitika.

Jumatano, 3 Julai

Leo kikundini Fundi alikuwa amenyoa. Shati safi, limepigwa pasi, mfuko hauna mafuta. Karani wa posta akamwuliza anaoa lini. Ila yake ilikuwa fupi: nzuri, ila usingizi bado. Tumesikia.

Tulipokuwa tunatoka akanipa bisibisi. Ndogo, mpini wa njano, umezungushiwa utepe mweusi wa umeme. Niliwahi kumwambia kwenye simu kwamba kitasa cha dirisha la chumbani kwangu kinagongagonga usiku kucha na fundi wa mtaani ananizungusha. Kaa nayo, akasema. Nikamwuliza wewe utatumia nini? Ninazo nyingine, mwenzangu.

Nimefika nyumbani, nimepanda kwenye kiti, nimekaza skrubu mbili. Kimya! Mwaka na nusu wa kero, dakika tatu. Dada kaja kuniangalia juu ya kiti, kauliza nimejifunza wapi. Mazoezini, nikasema. Akanitazama kidogo zaidi ya kawaida, halafu akaenda zake.

Nimejisikia vizuri. Naliandika kwa tahadhari. Vizuri.

Ijumaa, 5 Julai

Saa saba. Habari, Fundi?

"Nzuri sana, mwenzangu. Nzuri kabisa."

Nikasubiri. Kelele za cherehani nyuma yangu, nikaziba sikio moja. Nikasema: nzuri, ila? Akacheka, kicheko chepesi, cha mtu aliyetua mzigo. Leo sina ila, akasema. Leo nimekupumzisha.

Na mimi, mjinga mimi, nikafurahi. Nikasema nimesikia! Nikamwonea hata wivu. Nikarudi mezani, nikaandika hakuna, hakuna, hakuna.

Jioni hii nimekaa na miguu kwenye beseni la maji ya chumvi, imevimba, na maneno ya Msusi yanarudi. Vaa viatu uende. Lakini watu si hupona? Lazima wapo wanaopona. Akisema yu mzima nimfuate kama polisi? Na ngazi mia moja na nane. Na nitamwambia nini Dada, mazoezi Ijumaa?

Nimempigia tena saa mbili. Inaita, haipokelewi. Labda anaoga.

Nimechoka. Kesho asubuhi.

Jumamosi, 6 Julai

Saa tatu asubuhi. Simu yake imezimwa. Nimempigia Msusi. Alikuwa na kichwa cha mteja mkononi, nilisikia maji yanamwagika. Nikamweleza ya jana, mbiombio, nikitarajia ataniambia usiwe na wasiwasi. Hakuniambia hivyo. Aliuliza swali moja tu: wiki hii amekupa kitu, kama mtu anayeaga?

Bisibisi iko mbele yangu kwenye ukingo wa dirisha. Mpini wa njano.

Nenda, akasema. Usinisubiri. Namtafuta mlinzi wa jengo, kuna ufunguo wa akiba. Natoka sasa hivi na povu hili hili.

Jumamosi hiyo hiyo, kwenye ngazi

Saa tano kasoro. Naandika ili mkono uwe na kazi. Fomu zilikuwa ndani ya begi.

Dada alikuwa mezani anasahihisha madaftari, kalamu nyekundu kidoleni. Akaniona navaa raba. Mazoezi na Jumamosi? Nikasema Dada, si mazoezi. Sijawahi kwenda mazoezi hata siku moja. Nakwenda kwa watu wanaoumwa kama mimi. Tunakaa kwenye viti vya plastiki tunaambiana. Na mmoja wao jana alijibu nzuri, na leo simu yake haipatikani, na mimi nilipaswa kwenda jana, na sikwenda, nilikuwa nimechoka.

Nikasubiri anigombeze. Akafunika kalamu.

"Nilijua si mazoezi," akasema. "Mimi ndiye ninayezianika hizo raba. Hazijawahi kunuka." Akavua miwani. "Nilidhani umepata mwanaume. Nikasema afadhali."

Halafu akaenda kutafuta viatu vyake.

Ngazi mia moja na nane, na magoti ya Dada. Ghorofa ya tatu alisimama, kashika ukuta, kaniambia nitangulie. Nikakimbia! Mimi. Raba zinalia kwenye sakafu. Mlango wa bluu, karibu na lifti iliyokufa, kama alivyonielekeza Msusi. Mtu ameibandika lifti karatasi: Imeharibika. Chini yake, kwa mwandiko mwingine: Tunajua.

Niligonga. Niligonga tena. Nikagonga kwa kiganja, kwa ngumi, jirani wa pili akafungua mlango wake, akanitazama, akafunga.

Nikaita: "Fundi! Ni mimi, mwenzako."

Na akajibu. Mungu wangu, akajibu! Nikakaa chini pale pale. Sauti ilitoka mbali, chumba cha ndani labda.

"Nenda nyumbani, mwenzangu. Niko salama."

Salama. Nikamwuliza kupitia mlango, kama saa saba mchana: habari?

"Nzuri."

Nikakaa kimya kama tulivyofundishwa. Hakuongeza kitu. Basi nikaanza mimi. Nikasema mimi nzuri, Fundi, ila nina hofu mpaka meno yanagongana. Nzuri, ila jana nilikusikia nikajifanya sikukusikia, na nimelala na hilo. Nzuri, ila dada yangu yuko ghorofa ya nne na hajui kama anapanda au anashuka.

Kitu kama kicheko ndani. Au kikohozi. Kisha hatua, za polepole, peku. Zikaja mpaka mlangoni na kusimama. Nikasikia mgongo unateleza kwenye ubao, na yeye akakaa chini upande wa pili. Tumetenganishwa na mbao za mlango tu. Namsikia anavuta pumzi.

Nimemtumia Msusi ujumbe: yupo, anaongea. Kajibu yuko njiani na mlinzi na ufunguo, tusiondoke, nisiache kuongea naye.

Lakini niongee nini zaidi? Yangu nimeyamaliza.

Dada amefika. Amefika jasho tupu, kitambaa mkononi, hawezi hata kusema. Nimemwonyesha kwa kidole: yuko hapo, nyuma ya mlango. Nikaweka kidole mdomoni kwangu. Akaelewa. Ameketi ngazi ya chini yangu, amejishika magoti.

Hapo ndipo sauti ikatoka, chini kabisa, karibu na sakafu.

"Nzuri," akasema. "Ila—"

Najua tunachotakiwa kufanya, tunasubiri tu. Lakini Dada hajui sheria zetu. Akainama mbele, akaweka mdomo karibu na mlango, na kwa sauti ambayo sijaisikia tangu nikiwa na miaka saba, akauliza:

"Ila nini, baba?"

Hajajibu bado. Dakika tano sasa. Lakini bado yupo pale pale, namsikia, na hajasema hakuna. Dada amevua viatu, ameviweka pembeni sambamba, na amegeuka vizuri kuelekea mlangoni. Mkono wake mmoja uko juu ya raba yangu. Mara anautazama mlango, mara ananitazama mimi, na ninaona analo swali lile lile kwangu pia.